Kilele cha Wali wa Mwalimu Siti

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha mapishi katika chuo chetu hapa Newala, Mwalimu Siti Abdulazizi, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Salmini, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa lugha ya uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa uchangamfu wenyewe leo ni wa kuazima.

Alikuja kutoka Chiwata mwaka 1992 akakuta hakuna jiko. Alipewa kona ya karakana yangu ya useremala, akafundishia kwenye majiko ya vumbi la mbao, na mwaka ule makabati yangu yote yalinukia iliki. Nilinuna sana. Kisha mteja mmoja akarudi kuuliza kama ninalo jingine lenye harufu ileile, nikaacha kununa.

Somo lililompa jina ni wali wa manjano. Kwa wali huo aliwazungusha wanafunzi dunia nzima, yeye ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Dar es Salaam. Aliwafundisha kwamba Wairani hutia zafarani, na humpa mgeni wa heshima ukoko, jambo lililowachekesha vijana wa Lisekese waliokua wakigombea ukoko na wadogo zao. Aliwafundisha kwamba Waislamu wa Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini, hutia bizari na zabibu kavu, na kwamba wali huo huliwa hata msibani. Zafarani alikuwa nayo kikopo kimoja tu, zawadi ya mwanafunzi wake anayepika hotelini Maskati. Kila darasa lilinusa, na hakuna aliyeruhusiwa kuipika.

Bizari aliipanda mwenyewe nyuma ya jiko. Na kwa kuwa shida ya maji ya Newala tunaijua, aliimwagilia maji ya kuoshea mchele. Mkaguzi mmoja alipoviona vidole vyake vya manjano alisita kumpa mkono, akamshauri awahi hospitali akapimwe ini. Mchana alikula sahani tatu na habari za ini hazikusikika tena.

Ni yeye pia aliyetuletea desturi ya Indonesia. Huko, siku ya sherehe, wali wa manjano husimamishwa kama mlima, kisha kilele hukatwa na kupewa mtu anayeheshimiwa kuliko wote waliopo. Nilimchongea kalibu ya mninga ya kuupa wali umbo la mlima, na tangu hapo hakuna aliyestaafu chuoni bila mlima wa Mama Salmini. Wakuu wa chuo walikatiwa, dereva alikatiwa, na mlinzi wetu mzee Hamudi alikifunga kilele chake kwenye leso akampelekea mkewe. Mama Salmini alikuwa akikata, anakabidhi kwa mikono miwili, kisha anarudi jikoni kuosha masufuria wakati sisi tunapiga makofi.

Kwa ajili yake mwenyewe aliomba jambo moja tu. Miaka minne mfululizo, kikao baada ya kikao, aliomba apewe mtu wa kumwachia jiko. Rahima, mwanafunzi wake wa zamani anayepika Masasi mjini, alikuwa tayari kuja. Aliambiwa asubiri. Mwezi uliopita jibu lilifika: kozi ya mapishi imefungwa, jiko litakuwa stoo ya madawati, na bizari imeshang'olewa kupisha maegesho ya magari. Tumeelezwa kwamba wakati umebadilika. Mimi sijaona mtu aliyeacha kula, na nimeumia, na sioni sababu ya kuficha.

Wiki iliyopita kamati ya sherehe ikagundua kwamba hakuna wa kuupika mlima wa leo. Nikatumwa nikamwombe mstaafu aupike mwenyewe. Nilimkuta anafungasha vyombo vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika boksi, akasema, "Baba Dominika, kilele nikijipikia na kujikatia mwenyewe, hiyo siyo heshima tena. Ni njaa tu." Kisha akanikaribisha chai.

Kwa hiyo, ndugu wageni, ukurasa wa nyuma wa ratiba hii mtaona kipengele cha saa saba kinachosema "Kukata kilele cha wali". Kilinakiliwa kutoka ratiba ya mwaka jana, na hakuna aliyekumbuka kukifuta. Mzabuni ataleta wali mweupe. Tuule tu, maana ndio tutakaokula hapa kuanzia leo.

Mwalimu Siti, asante kwa vijana uliowafundisha, ambao sasa wanapika Mtwara, Unguja na Maskati, na kwa kila mmoja wetu uliyemfanya ajione mkubwa kwa siku moja. Ile kalibu niliitoa jikoni kabla haijapangwa pamoja na madawati. Imo kwenye mfuko chini ya kiti chako. Nenda nayo Chiwata. Tunakutakia afya njema, usingizi usiokatizwa na kengele ya chuo, mikorosho inayozaa vizuri, na mtu wa kukukatia kilele.