Kompyuta ya Gari la Bwana Harusi

Mnanijua: Daktari wa Injini. Niliishia darasa la sita, lakini lori likikohoa Manyoni, mimi hapa Singida nautaja ugonjwa. Kijiwe chetu kilikuwa benchi la ubao nyuma ya kinu cha alizeti, miaka ile biashara ilipoachiwa huria na magari ya mtumba ya Japani yakaanza kumiminika, kila moja na kompyuta yake. Injini ya gari la Mansuri, aliyekuwa karibu kuoa, niliikuza kwa mikono hii: nikachonga silinda, nikatia pistoni nene, nikabandika tabo ya lori ya kuisukumia hewa. Ikabaki kuifungua kompyuta ya kiwandani na kuifundisha kwamba injini si ile tena, maana ndiyo inayopima petroli, na ikipima kidogo pistoni zinaungua. Nikamwambia Mansuri, "Tayari, imefundishika." Jumamosi akaenda Kinyangiri kumchukua bibi harusi. Wakati wa kurudi, mwinuko wa kwanza tu, pistoni ikatoboka. Maryam, bibi harusi mwenyewe, akaingia kwenye harusi yake juu ya lori la vitunguu.

Jumanne tulikuwa benchini, Mrisho muuza kahawa akitumiminia vikombe. Abdulrazaki, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, ndiye aliyeanza.

— Daktari, ile kompyuta uliifundisha kweli?

— Mpaka ikatoka jasho! Ile inapima petroli kama mama mwenye mtoto mchanga, kijiko kwa kijiko. Nikaiambia, mama, mtoto ameota ndevu, pakua sahani!

— Ulimwambia kwa Kijapani?

— Kwa waya, humo ndani kabisa.

— Sasa injini imekufaje?

Hapo nikafanya jambo ninaloona haya hata kuliandika. Nikapiga funda, nikasema polepole:

— Gari wiki nzima lilikuwa linakimbia. Limekufa alipopanda nani?

Laurenti muuza asali wa Rungwa, yaani Bwana Nyuki, akaweka kikombe chini.

— Bibi harusi!

— Mimi sijasema.

— Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Ndiyo maana oili ilikauka!

— Oili haikukauka, Bwana Nyuki.

— Ingekauka! Mtu mwenye nuksi akipita chini ya mzinga, nyuki wanahama. Sembuse kompyuta, yenye akili kushinda nyuki? Imeona nuksi, imegoma.

— Na bibi yake Maryam alilizunguka gari mara tatu, — Redio akadakia. — Mara saba! Na kuku mweusi mkononi!

— Kuku wa zawadi huyo, — Mrisho akasema. — Lakini acheni utani. Shangazi zake Mansuri wameyashika hayohayo. Wanataka binti arudishwe kwao.

Ningeweza kusema neno hapo. Nikaomba kashata.

Kashata haijaisha mdomoni, Maryam mwenyewe akatokea, hina ingali mikononi, amekumbatia kifurushi cha kanga. Kanga ilinuka vitunguu.

— Shikamoo, baba fundi.

— Marahaba, mwanangu.

— Mansuri kanikataza nisije. Anasema wewe ni fundi wake, nitakuvunjia heshima.

Akafungua kanga. Kisanduku cha bati kilichong'olewa garini, kompyuta yenyewe, kilikuwa kinang'aa.

— Mimi magari siyajui, nauliza tu. Hii karatasi ya kiwandani imebandikwa kushikanisha mfuniko na kisanduku. Ni nzima, hata kona haijabanduka. Wewe ulipitia wapi kuingia?

Redio akazimika. Bwana Nyuki akaanza, "Wahenga walisema...", akainama kuikagua karatasi. Nikainua kikombe kuficha uso. Kilikuwa na mashapo matupu, na Mrisho hakuongeza.

— Baba fundi, — akasema kwa adabu ileile, — shangazi zake wananisubiri ukumbini. Nikawaambie nini?

Kutoka benchini mpaka kwa kina Mansuri ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Siku ile ulikuwa mrefu kuliko kwenda Rungwa kwa miguu. Maryam alitangulia. Mimi nilimfuata, nimebeba kisanduku, karatasi nimeigeuzia juu kila mtu aione.