Simu Iliyokataliwa Dirishani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, limeegemea ukuta wa duka la vipuri, na birika la Mama Kahawa halikauki pembeni. Asubuhi hiyo Mitambo alifika akihema kama aliyekimbizwa. Kazi yake useremala, ila akiweka randa chini hushika simu kuukuu: hufuta mfumo zilizotoka nao kiwandani, akazitia mwingine wa bure, ulioandikwa na watu wa kujitolea. Aliibwaga simu ya baba yake juu ya benchi.

— Wamemrudisha mzee! Mguu umevimba vile, wamemrudisha! Yuko nyuma, anakuja akichechemea.

— Nani? akauliza Kipaza, mwenye bucha, aliyekuja na aproni yake ya damu.

— Kliniki! Namba ya foleni siku hizi inatoka kwenye programu yao tu. Mwezi uliopita programu ikasema simu imezeeka. Haya, Jumapili nzima nikaitia mfumo mpya, ikawa nyepesi kuliko hiyo yako. Leo inasema kifaa si salama!

— Si nilikwambia? Kiwandani wanaweka saa ndani. Siku zikitimia, simu inajiua.

— Saa gani, bwana? Wameacha kutuma marekebisho ya mfumo wake, basi!

— Ipo. Hata friji langu linayo.

Mwalimu, mstaafu asiyestaafu kusahihisha watu, akaweka kikombe chini.

— Mimi nawaogopa hao wa bure. Nani ajichoshe kukuandikia mfumo halafu asidai kitu? Wanatusikiliza hao. Sasa hivi wanajua nimeongeza sukari.

— Kila mstari wameuweka wazi, Mwalimu! Anayetaka asome!

— Wewe umesoma?

Mitambo hakuwa amesoma hata mistari kumi. Lakini si hilo lililomchoma. Jumapili ile alimkabidhi baba yake simu akamwambia, “Hapa hawakukatai tena,” na mzee akapiga pasi shati la kwendea kliniki.

— Mnanichosha! akafoka. Mzee anaumwa, nyie mnaniletea friji!

— Usitupandishie sauti, akasema Kipaza, naye akiipandisha yake. Kliniki na viwanda lao moja. Wagonjwa wakizidi wanazima simu, foleni inapungua. Hesabu nyepesi!

— Ndiyo maana wanapima joto kwa kile kibunduki, akadakia Mama Kahawa. Kinanyonya chaji.

Walikuwa wakipigiana kelele wote wanne mzee alipokunja kona, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Mbona mnagombana?

— Tunatafuta kosa la simu, baba.

Mzee akakaa taratibu, akaunyoosha mguu uliovimba mbele yao.

— Mimi nilikuwa nimesimama pale dirishani, wanangu. Yule binti wa mapokezi aliipokea simu, akaigeuza, akanirudishia. Mbona hakuniuliza jina?

Kipaza akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama kikombe chake.

Mitambo akapiga goti, akamvisha baba yake kile kiatu polepole, kamba akaiacha wazi.

— Dirisha linafungwa saa nane, baba. Nishike bega. Leo watakuandika kwa kalamu, au nitalala kwenye ule mlango wao.

Kipaza akavua aproni.

— Hamwendi wawili peke yenu.