Hivi, Vile, Vingine na Vingine Tena

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi. Miguu yake mitatu ni ya mbao na wa nne ni tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye huwa na uhakika zaidi wa anachosema. Upande huo hukaa Stoo, aliyestaafu kazi ya kutunza ghala la kiwanda cha sabuni lakini hajaacha kutunza. Katikati hukaa Friji, fundi wa majokofu. Mwisho wa benchi hukaa Mkasi, mwenye duka, kitambaa cha kunyolea kikiwa begani; mteja akija, huambiwa asubiri mjadala uishe. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, na birika lake liko karibu vya kutosha kusikia kila neno. Mimi wananiita Daktari kwa sababu nilisoma chuo kikuu, ingawa nilichosoma ni takwimu. Jumamosi ile asubuhi nilifika na kompyuta ya mke wangu, nikaiweka juu ya stuli mbele yao, nikasema nina tatizo la nafasi.

Stoo: Nafasi ya nini? Nyumba nzima unakaa peke yako.

Shangazi akamtazama. Stoo akanywa kahawa yake haraka kuliko ilivyofaa, ikamuunguza.

Nikawaeleza. Mke wangu, alipokatazwa hospitalini kupanda ngazi, aliamua kuzama. Mpwa wake alimwekea mchezo ambamo mtu ameanguka katikati ya bahari isiyojulikana, akabaki na kibanda cha chuma kinachoelea, mkoba, na pumzi ya muda mfupi. Anapiga mbizi, anaokota shaba, chuma, mwani na mawe ya kioo, anarudi juu kuvuta hewa, anahifadhi alichookota, na polepole anajijengea maisha. Mke wangu alikuwa bado yuko mwanzoni kabisa. Kibanda chake kilikuwa na makabati manne ya ukutani, yote yamejaa. Mkoba nao umejaa. Na mpiga mbizi wake alikuwa na kiu.

Mkasi: Anywe maji basi. Si yuko baharini?

Mimi: Ni ya chumvi. Maji ya kunywa yanatoka kwa samaki fulani. Unamkamata, unamtia mkobani, halafu mashine ya kibandani inamkamua.

Friji: Mtie, sasa.

Mimi: Hakuna nafasi. Hata ya samaki mmoja.

Stoo: Tupa kitu.

Mimi: Kikitupwa baharini kimekwenda. Sitaki kutupa kitu nisichojua alikiweka kwa ajili gani.

Shangazi: Na usipotupa?

Mimi: Mpiga mbizi atakufa kwa kiu. Na mke wangu alichagua kucheza kwa roho moja. Ukifa, mchezo unajifuta wenyewe. Kibanda, makabati, kila alichookota.

Mkasi: Shemeji naye! Kwa nini achague hivyo?

Mimi: Alisema wenye roho nyingi hawaangalii wanapokanyaga.

Hapo wakakubali kwamba jambo lenyewe ni zito. Friji alivua kofia. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, kwa sababu mchezo ukisimama kiu nayo inasimama, nikawaonyesha picha ya kibanda. Makabati yalikuwa na vibao, na vibao vilikuwa na maandishi ya mke wangu. La kwanza: HIVI. La pili: VILE. La tatu: VINGINE. La nne: VINGINE TENA.

Stoo alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma upya.

Stoo: Ndani kuna nini?

Mimi: Kwenye HIVI kuna mwani, shaba, na tochi isiyo na betri. Kwenye VILE kuna betri, mawe ya kioo, na shaba. Kwenye VINGINE kuna shaba, vipande viwili vya chuma, na yai kubwa la kiumbe kisichojulikana. Kwenye VINGINE TENA kuna matumbawe, shaba, na mtungi wa kuzimia moto.

Stoo: Ngoja kwanza. Tochi huku, betri kule?

Mimi: Ndiyo.

Stoo: Na mtungi wa kuzimia moto. Baharini.

Mimi: Ndiyo.

Stoo: Marehemu namheshimu sana, Mungu anajua. Lakini angefanya kazi chini yangu, mimi ningeacha kazi.

Mkasi: Acha hizo, bwana! Shemeji alikuwa na mpango wake. Ni nyinyi tu hamuuoni.

Stoo: Mpango gani? Ghala lina sheria moja: kilichotangulia kuingia kinatangulia kutoka. Daktari, kipi kilitangulia?

Mimi: Sijui. Hakuna tarehe.

Stoo: Basi tusubiri. Kitakachoota kutu kwanza ndicho cha zamani.

Mimi: Mchezo umesimama, Stoo. Kutu nayo imesimama.

Alikubali kwamba hilo ni tatizo, akasema basi nitengeneze kabati la tano. Nilimwambia kabati linahitaji vipande vinne vya chuma, nasi tunavyo viwili. Akasema niokote viwili zaidi. Nikamwambia niviweke wapi. Stoo aliyazungusha yale maneno kichwani: chuma kinataka nafasi, nafasi inataka kabati, kabati linataka chuma. Nilimwona akifurahi. Nadhani kiwandani hakuwahi kupata tatizo safi namna ile.

Friji: Nyie mnahangaika na hesabu, na jambo lenyewe ni fizikia. Kadiri unavyozidi kushuka, maji yanabana, sivyo? Basi ashuke chini kabisa. Mzigo utabanwa mkobani, utakuwa mdogo. Hapo anaingiza samaki, anapanda naye taratibu.

Mkasi: Na yeye mwenyewe si atabanwa?

Friji: Akibanwa ndiyo vizuri. Mtu mdogo, kiu ndogo.

Shangazi: Kunywa kahawa, Friji.

Friji: Nakunywa, Shangazi. Lakini fikirieni.

Shangazi hakufikiria. Alifunika birika, akanigeukia.

Shangazi: Daktari, nyumbani mkeo alikuwa anapangaje?

Nilitafuta namna ya kujibu kwa usahihi. Jikoni kwetu sukari ilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Majani ya chai yalikaa kwenye kopo la biskuti. Biskuti hazikuwa na kopo kwa sababu hazikuwahi kufika jioni. Ukiuliza sukari iko wapi, alikujibu kutoka chumbani, bila kufikiri, "Kwenye majani!" Nawe ukaenda moja kwa moja, ukaipata.

Shangazi: Na sasa?

Mimi: Bado iko kwenye majani.

Mkasi: Mnaona? Mpango huo! Sasa nawaambia siri ya yale makabati. Baharini kuna pweza, sivyo? Pweza ana mikono minane. Makabati manne, kwake ni mikono minne tu, mingine minne anaegemea. Anakuja wakati shemeji amezama, anasoma kibao, anachukua anachotaka. Sasa shemeji afanyeje? Anaandika HIVI. Pweza anasoma, anajiuliza, hivi nini? Anaandika VILE. Pweza anachoka. Mpaka afike VINGINE TENA ameshakata tamaa, anarudi kwake.

Stoo: Pweza hajui kusoma.

Mkasi: Ndiyo maana sasa hamna kilichoibwa!

Hoja ilikuwa na kasoro, lakini sikuweza kusema mara moja iko wapi, nami nimefundisha watu kutafuta kasoro za hoja.

Friji: Pweza wapi! Yale makabati ni uzani. Kibanda kinaelea, kina pande mbili. HIVI iko kushoto, VILE iko kulia. Alikuwa anasawazisha. Ukitoa jiwe moja tu, kibanda kinapinduka, wote mmekwenda. Mkasi, hebu inuka.

Mkasi: Niinuke kwa nini?

Friji: Inuka, nakuonyesha kitu.

Mkasi akainuka. Benchi likalalia upande wa tofali, Stoo akateleza, na kahawa yake ikamwagikia suruali.

Friji: Mmeona? Na hilo ni jiwe moja tu limetoka.

Stoo: Wewe una wazimu! Suruali yangu!

Mkasi: Kwani mimi ni jiwe?

Shangazi alileta kitambaa, Stoo akajifuta, na tukalijadili suala la yai. Stoo alisema kwa upande wa ghala jibu ni jepesi: yai linachukua nafasi ya vitu vinne, halina kazi inayojulikana, kwa hiyo litoke, nasi tutabaki na nafasi ya samaki na ya kupumua. Mkasi alisimama tena, safari hii bila kuombwa.

Mkasi: Utatupa mtoto wa shemeji?

Stoo: Ni yai la samaki, bwana.

Mkasi: La samaki gani? Unamjua mama yake? Kama mama yake ni mkubwa kuliko kibanda, akaja kuuliza, wewe ndiye utakayetoka nje kumjibu?

Friji: Kwanza yai hilo lina hali gani? Limewekwa kwenye joto au baridi? Kama limeshaharibika tunabishania harufu.

Stoo: Tupige kura.

Tulipiga kura. Kura moja ilisema yai litoke. Moja ilisema mtungi wa kuzimia moto utoke. Friji alipiga kura kwamba atoke mpiga mbizi mwenyewe, kwa sababu ndiye mwenye kiu, na akitoka vitu vyote vitapata nafasi ya kutosha. Aliieleza hoja hiyo kwa utulivu mkubwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikaona ni kweli: kama yeye hayupo, hakuna upungufu wa nafasi hata kidogo. Nilimwambia kwamba kura yake nimeisikia.

Wakati huo alifika mtu mmoja amekumbatia feni ya mezani. Hatukumfahamu. Alikuwa anamtafuta fundi, akaelekezwa na Mkasi kwa kidevu, lakini Friji alimwambia asubiri kidogo kuna jambo la dharura. Mgeni akainama kuangalia kompyuta. Alikuwa mtu wa adabu, na nilimfungulia mchezo aone vizuri. Nilimpitisha kabati kwa kabati. Nilimweleza kiu, samaki, na kwamba lazima kitu kimoja kitupwe.

Mgeni: Na vitu vyenyewe ni vya nani?

Mkasi: Vya mke wake.

Mgeni: Aha. Sasa mkitupa, mwenyewe akirudi si atavitafuta?

Stoo aliangalia tofali. Mkasi alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua. Friji, ambaye alikuwa na nadharia ya kila jambo, alinyoosha mkono akaipokea ile feni, akaanza kuzungusha pangaboi zake kwa kidole. Mgeni alituangalia mmoja mmoja, akidhani labda ameuliza vibaya.

Kompyuta ikapiga king'ora.

Nilikuwa nimefungua mchezo ili nimwonyeshe, na sikuusimamisha tena. Muda wote ule kiu ilikuwa inapanda. Alama ya maji ilikuwa nyekundu na inawakawaka, na ukingo wa kioo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha lakini vidole vilikosea, nikafungua kabati. HIVI.

Shangazi: Daktari, tupa! Tupa chochote!

Stoo: Yai!

Mkasi: Siyo yai!

Nilitoka na mpiga mbizi mlangoni, kwenye maji. Mkobani kulikuwa na shaba pia. Ilikuwa kwenye makabati yote manne na mkobani, na mtu anayeweka kitu kila mahali amekusudia kukipata popote atakapokuwa. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nayo. Nilichagua kipande kimoja cha shaba, nikakiachia.

Kisha nikazama. Samaki wa kwanza alinipita. Wa pili alipinda kwenye mwani na pumzi ikaanza kuisha, Mkasi akawa anavuta pumzi yeye mwenyewe kwa niaba ya mpiga mbizi, mashavu yamevimba. Nilimpata wa tatu. Nilipanda, nikavuta hewa, nikaingia, nikamtia samaki kwenye mashine, mashine ikatoa chupa moja ya maji, na mpiga mbizi wa mke wangu akanywa. Weusi ukaondoka kwenye kioo. Makabati yalikuwa palepale: HIVI, VILE, VINGINE, VINGINE TENA. Shangazi alikuwa ameshika bega langu, na sikumbuki aliliwekea mkono saa ngapi.

Stoo: Rudi nje kidogo.

Mimi: Kwa nini?

Stoo: Rudi tu. Angalia chini.

Nikarudi nje, nikaangalia chini. Maji pale si ya kina kirefu. Kwenye mchanga, kati ya majani mawili ya mwani, kile kipande cha shaba kilikuwa kimelala kinang'aa. Hakikuwa kimekwenda popote.

Stoo: Kumbe! Hiyo siyo kutupa, Daktari. Hiyo tunaiita stoo ya nje.

Friji: Yaani bahari yote ni kabati.

Mkasi: Sasa pweza je?

Mgeni alikuwa bado ameinamia kioo, na uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyepata jibu lake bila kuwasumbua watu.

Mgeni: Basi hakuna shida. Mwambie tu kiko nje, chini ya mlango. Akirudi atakiona.

Shangazi alianza kusema kitu. Nilimgusa mkono, akaacha.

— Nitamwambia, nikasema.