Furushi Lipi Litangulie

Sogeeni, wanangu. Wagih, keti hapa miguuni, na wewe Inshirah usisimame mlangoni kama mgeni, maana pumzi zangu zinahesabika na nina neno la kuwausia. Karakana hii ya mahema niliirithi kwa baba yangu hapa hapa Cairo, na mbele ya shehe nimekwisha kusema kwamba nyumba, vitambaa na jina ni vyenu nyote kwa sheria. Imebaki ile rafu ya kazi zinazongoja. Nani atasimama mbele yake asubuhi awaambie mafundi, shoneni hili, lile lingoje? Hilo haligawanyiki, na nisipolikata leo mtaligombania mpaka karakana ife.

Mnajua mimi nilivyoishika. Mteja akija, akanywa chai yangu, akaniita haji kipenzi, akaomba kazi yake iwe ya kwanza, nilimjibu, "Wewe tu, wallahi!" na furushi la vitambaa vyake nikalipandisha juu kabisa ya rafu. Kesho akaja mwingine, naye nikampandisha. Kwetu kumnyima mtu neno zuri akiwa na glasi yako mkononi ni aibu. Basi kila furushi likawa la juu, fundi Sabri akawa anaacha pambo la ua nusu akashone nyota ya hema la mtu mwingine, hema hili limeanzwa, lile limeanzwa, hakuna linalotoka. Watu walinigombeza, lakini walinipenda!

Kisha kiharusi kikaniangusha, ukaja wewe Inshirah, ukashusha mafurushi yote sakafuni mbele ya mafundi wangu, ukarudisha matatu tu. "Hatugusi la nne mpaka moja litoke mlangoni." Nililala huku juu nasikia yote. Nikasema moyoni, ngoja, watamkimbia. Wapi! Mahema yakaanza kutoka, na Sabri, niliyemfundisha mimi kushika sindano, nikamsikia anauliza kwa furaha, "Bibi Inshirah, leo tuanze na lipi?"

Nilikuonea wivu, mwanangu. Wewe, damu yangu. Nilikula supu uliyonipikia huku naomba uharibu kitu. Yule mama uliyemwambia kavukavu, "La kwako mwezi ujao, mama, si kabla," nilimwombea asirudi. Akarudi na dada yake, naye ana kazi! Siku hiyo nilikataa dawa, mkadhani ni uchungu wa dawa.

Ndiyo maana nilikusudia rafu nimpe Wagih. Usitabasamu, wewe. Nilikuchagua kwa kuwa huwezi kumwambia mtu ngoja, kama mimi, na nilitaka dada yako akome.

Nipeni maji... basi, yatosha. Lipo hema langu, jekundu na buluu, nililolichora mwenyewe ili nikifa watu wakae chini yake wakija kuwapa pole. Limefika nusu. Nataka litangulie. Inshirah, sema mbele ya ndugu yako, utaliweka wapi? Usiniangalie hivyo. Sema.

"Baada ya la bibi harusi wa Alhamisi, baba."

Subhanallah! Wagih, umesikia? Hata kufa kwangu kumepangiwa foleni! Na analia, mtazame, analia lakini habadilishi neno. Wewe ungenijibu nini? "La kwanza, baba." Najua. Ningefurahi, na binti wa watu angeolewa juani.

Basi rafu ni ya Inshirah. Wivu haujaisha, msidhani, lakini ni yake. Wagih, karibisha wateja, wachekeshe, wape chai, ila siku ya kazi kutoka aitaje dada yako, na usimpinge mbele ya mafundi. Inshirah, usimdharau ndugu yako, wateja wanampenda. Radhi zangu mnazo nyote. Mungu aibariki mikono yenu... asiwatenganishe...

Niinulieni mto. Wagih, shuka chini kwa Sabri. Namjua, kwa kunihurumia amekwisha kulirudia langu. Mwambie... mwambie aliweke chini, ashone la bibi harusi.