Bi Hatua na Mkia wa Kaptula

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto kidogo usikilize. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefundisha mbwa kutembea. Ndiyo, mbwa. Tena wale walioumia uti wa mgongo, ambao watu walishasema basi tena.

Alikuwa muuguzi katika hospitali ya mifugo. Watu walimwita Bi Hatua. Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo aliitumia ameinama.

"Dada alikuwa akirudi nyumbani mgongo umepinda kama ndoano," anasema mdogo wake, aliyeishi naye. "Nikimwambia apumzike, ananijibu, 'Wangu unauma, maana yake ni mzima. Wa wagonjwa wangu hauumi.'"

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya sabuni. Humo mlikuwa na mkanda wa mpira unaozunguka, uliotolewa kwenye kiwanda cha unga kilichofungwa. Mbwa anasimamishwa juu ya mkanda. Taulo linapitishwa chini ya tumbo. Mkanda unakwenda, miguu ya nyuma inaburutwa, na Bi Hatua anahesabu hatua. Moja. Moja. Moja tena. Wiki nzima anaweza asifike mbili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha Bi Hatua, jamani, kilikuwa na tundu.

Ndipo akaletwa Kaptula. Mbwa wa kahawia, mapaja meupe, kama kavaa kaptula. Alikuwa amegongwa na gari. Mwenyewe alikuwa fundi cherehani aliyeishi peke yake na huyo mbwa. Daktari alitoa mwezi mmoja: asipotembea, achomwe sindano ya kumpumzisha milele. Fundi alikubali huku analia.

Wiki ya nne, Kaptula akatembea! Hatua kumi. Hatua ishirini. Fundi aliyekuja kumtazama akapiga makofi. Daktari akafungua faili, akatoa kalamu.

Bi Hatua akapiga chafya. Akaondoa mkono mmoja kuziba pua. Miguu ya Kaptula ikasimama palepale. Akaurudisha mkono, miguu ikaanza tena.

Mkono ulikuwa wapi? Kwenye shina la mkia. Alikuwa akimshika pale kwa huruma tu, asiyumbe. Na uti wa mgongo, wasikilizaji, una ujanja wake. Mnyama akiguswa pale, miguu inaweza kupiga hatua yenyewe hata kama amri ya ubongo haijafika. Kwa hiyo Kaptula alikuwa hajatembea. Ulikuwa mkono wa Bi Hatua.

Hakuna mwingine aliyegundua. Daktari alikuwa anatafuta ukurasa. Fundi alikuwa anafuta machozi. Bi Hatua akinyamaza, mbwa anakwenda nyumbani leo. Akisema, huenda kesho mbwa huyo hayupo. Lakini alijua kwamba kwa fundi hakuna wa kushika mkia kutwa. Kaptula angejiburuta sakafuni mpaka ngozi ichubuke na vidonda vioze.

"Daktari, usiandike," akasema. "Hajatembea. Nimekosea mimi."

Fundi akamjia juu. "Mwezi mzima unanichezea akili? Una roho gani wewe mama?"

Bi Hatua akamgeukia daktari. Aliomba wiki sita, na akasema mbwa atakaa nyumbani kwake. Daktari akakubali. Fundi akaondoka bila kuaga.

"Nyumba ilinuka mkojo, mgeni akibisha hodi tunaongea naye nje," anasema mdogo wake. "Mimi nilinuna, sikufichi. Kila asubuhi dada yuko sakafuni na mbwa. Akishamaliza kumfanyisha mazoezi anamwachia, anaweka mikono yote juu ya kichwa chake mwenyewe, anahesabu."

Wiki ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu na ya nne, sifuri. Wiki ya tano Kaptula akajiinua, akapiga hatua tatu, akaanguka kidevu chini, akajiinua tena. Hatua tatu, wasikilizaji, na hakuna aliyemshika.

Hakupona sawasawa. Alitembea akipepesuka kama mlevi, na akifika kwenye kona alikaa kwanza ndipo ageuke. Lakini alitembea, daktari akamrudisha kwa fundi wake, akaishi naye miaka sita zaidi.

Daktari yule sasa amestaafu. "Ningeandika uongo kwa roho safi kabisa," aliniambia. "Tangu siku ile hatukuhesabu hatua ya mnyama yeyote kabla muuguzi hajainua mikono." Mimi mwenzenu namvulia kofia mama huyu.

Kwa mdogo wake, kwa wapwa zake, na kwa wauguzi wote aliowafunza, poleni sana. Mungu amlaze pema.

Nami nilikuwapo mazikoni. Fundi alikuja, sasa ni mzee wa mkongojo. Alisimama kando ya kaburi akasema, "Nilimtukana kwa kuniambia kweli. Miaka sita nikatembea na mbwa wangu kila asubuhi, napita mtaani kwake, najisemea kesho nitabisha hodi nimwombe radhi." Hodi hiyo hakuipiga.

Wasikilizaji wapendwa, huenda na wewe yuko mtu aliyekuambia kweli ikakuuma, ukamkasirikia hadi leo. Mimi nanyamaza hapa. Mpigie.