Mtoto Wetu Hajui Kazi, Mkamfundishe

"Yah: Upungufu wa Kikombe Kimoja cha Chai, Idara ya Utumishi." Hicho ndicho kichwa cha barua ya kwanza ya kiofisi ambayo marehemu aliiandika maishani mwake, na familia imeona historia hii ianzie hapo, kwa ruhusa yako Baba Paroko, masista, wazee wa ukoo, na ndugu zetu Waislamu mliopanda mlima huu kutoka mjini, kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtumishi humjui kwa cheti chake, humjui kwa suti yake, bali kwa jalada lake la kwanza.

Marehemu Hosiana Lukasi Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Nyandira, Mgeta, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lukasi Kobelo, mkulima wa kabichi na njegere, na Mama Yuliana, ambaye ndiye mwenye shamba, kwani huku kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na baba ni mgeni wa heshima aliyekuja na jembe lake. Alibatizwa Jumapili ya Matawi, tarehe 8 Aprili mwaka huo huo, na jina lake lilitoka kwenye shangwe za siku hiyo.

Alisoma Shule ya Msingi Nyandira kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari ya masista Morogoro Mjini, akamaliza kidato cha sita mwaka 2000, kisha akajiunga na Mzumbe, alikopata shahada ya usimamizi wa rasilimali watu mwaka 2003. Mzee Lukasi alipoambiwa jina la masomo hayo aliweka kabichi chini akauliza, "Rasilimali ninayoijua mimi ni mbao na madini, sasa hao watu mnawachimbia wapi?" na Hosiana akamjibu, "Ndiyo hivyo baba, wengi wamefukiwa maofisini," jibu ambalo mzee alilirudia kila soko la Nyandira hadi alipofariki mwaka 2012.

Tarehe 1 Septemba 2003 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha nyuzi kule Kihonda, chini ya Mkuu wa Utumishi, Mzee Hafidhi Kibwana, mzaliwa wa Matombo, ambaye yupo nasi hapa. Juma lake la kwanza kikombe kilipotea, na mkuu akamwagiza afisa huyo mpya achunguze, naye akamhoji mpika chai, akamhoji mlinzi, akaandika barua yenye vifungu vyote, iliyohitimisha kwamba mtu wa mwisho kuonekana na kikombe hicho ni Mkuu wa Utumishi mwenyewe. Mzee Kibwana aliisoma, akaandika pembeni neno "Imeonekana", akairudisha. Katika miaka kumi na moja waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumpa sifa kubwa kuliko hiyo, ingawa wafanyakazi wa mashineni walikuwa wakisubiri zamu ya Hosiana ili wamweleze shida zao, kwa kuwa alikuwa akiwasomea sheria ya kazi kwa lugha ya sokoni, na wakitoka kwake wanajua wana haki ipi na wamekosea wapi.

Tarehe 26 Novemba 2005 alifunga ndoa Morogoro Mjini na Ndugu Joseph Mbena, mtafiti wa udongo, na katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto wawili, Geofrey mwaka 2007 na Faraja mwaka 2011. Siku ya kumkabidhi bibi harusi, Mzee Kibwana, kama baba yake wa kazini, alisimama pamoja na wajomba, akasema maneno ambayo kila aliyewahi kuoza binti huku anayajua, "Mtoto wetu huyu hajui kazi, hajui kupika, hajui lolote, mvumilieni, mkamfundishe wenyewe." Upande wa bwana harusi ukacheka na kupiga vigelegele, kwani mwenye kumsifu mwanawe mbele ya wageni ni kama mwenye kunadi mbuzi, na mwenye kumtweza amesema huyu ni dhahabu.

Januari 2015 Ndugu Joseph alipata kazi ya utafiti nchini Kanada, katika mji wa Saskatoon, ambao Mama Yuliana hadi leo anauita Sasatuni, na Hosiana akaacha kazi akamfuata, akiwa na shabaha moja tu, kwamba na huko aitwe afisa rasilimali watu. Alipeleka shahada yake ikapimwa, ikarudi na jibu kwamba ni shahada kweli, akaambiwa kuna mtihani wa bodi yao, akaufanya akafaulu, akaambiwa sheria ya kazi aliyoijua kwa moyo inaishia mpakani Tunduma, akasoma ya kwao, ndipo akaambiwa kilichobaki ni uzoefu wa Kanada, ambao haupatikani bila kazi ya Kanada, ambayo haipatikani bila uzoefu wa Kanada. Mwenyewe alisema kwamba miaka yote ya Kihonda hakuwahi kubuni kikwazo kilichofungwa vizuri namna hiyo. Aliyekuwa akiwaandikia wengine "tunasikitika kukujulisha" akawa anaandikiwa yeye, akizisoma barua hizo kwa jicho la fundi, hii ina adabu, hii haina, hii imeniita Bwana Hosiana.

Ili watoto wapate kula, aliajiriwa katika nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na kila asubuhi aliwaamkia shikamoo, hata wawili watatu wakajifunza kuitika marahaba. Mwezi Aprili 2018 shirika lenye nyumba hiyo likatangaza nafasi ya afisa rasilimali watu, Hosiana akaomba, akahojiwa na watu watatu waliompenda, ikabaki hatua moja tu, kumpigia simu mdhamini aliyetajwa kwenye maombi, yaani mkuu wake wa zamani atakayesema mtu huyu anafaa au hafai.

Mdhamini alikuwa Mzee Kibwana, aliyekuwa amestaafu, akiishi Kilakala. Alivaa koti kwa ajili ya simu hiyo, akaagiza majirani wazime redio, na alipowasikia wageni kutoka mbali wakimuuliza habari za binti yake, mzee alijua shughuli ni ile ile, akawajibu kwa Kiingereza safi cha shule ya zamani kwamba huyu bado mtoto, hajui kazi, wamvumilie, wamfundishe wenyewe. Akakata simu, akatoka nje akamwambia mkewe, "Tayari, nimemkabidhi." Kule waliyaandika maneno hayo yote kama yalivyo, na Ijumaa iliyofuata wakamsomea mwombaji, maana kwao ni utaratibu mwombaji aelezwe sababu ya kukataliwa.

Hosiana alimsimulia mumewe kwamba aliyatambua neno kwa neno, akataka kuwaeleza, akakosa pa kuanzia, "Ningeanzia wapi, kwenye posa?" Alicheka mbele yao, akaaga vizuri, akaenda kukaa ndani ya gari hadi theluji ikaziba vioo, na hakulia mahali pengine popote. Ndugu Joseph alipomshauri aandike mdhamini mwingine alijibu, "Nitamfukuzaje kazi mzee wangu?" na jina likabaki pale pale. Nafasi kama ile haikutokea tena, na familia iliporudi Morogoro Agosti 2023 aliomba kazi hapa nyumbani, akaulizwa miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini, akasema alikuwa akiogesha wazee Kanada, na uzoefu huo wa Kanada, alioupata kwa jasho, huku haukutakiwa na mtu.

Februari 2025 alianza kusumbuliwa na tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Mwezi Mei Mzee Kibwana alikwenda kumjulia hali, na Faraja, aliyekulia kwa watu wanaosema mambo yalivyo, akamwamkia kwa heshima zote kisha akamuuliza, "Babu, ni wewe uliyewaambia mama hajui kazi?" Mama yake akamkemea, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mzee akaomba aelezwe, akaelezwa, ndipo mgonjwa mwenyewe akamwambia, "Baba, usijisumbue, wale watu hawajawahi kuoza binti." Mzee hakucheka. Alirudi kwake, akavaa koti, akaipigia ile namba ya Kanada, akapokewa na sauti ya mwanamke iliyomwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, akaishukuru, akasubiri hadi vocha ikaisha, na kesho yake akapiga tena.

Dada yetu alifariki tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya mkoa, mumewe na wanawe wakiwa kando yake, akiwa na miaka arobaini na sita, bila kukipata tena kile cheo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu walipokuwa hawana la kuponya, majirani wa Kihonda mliolala matangani, jumuiya ndogo ndogo, wakulima wa Nyandira mliosimamisha mavuno, na wafanyakazi wa kiwandani, ambao tumeambiwa mmeomba ruhusa ya leo kwa maandishi, kila mmoja kwa barua yake, kama alivyowafundisha. Lala, Hosiana, katika ardhi ya mama yako, ambako hakuna atakayekudai uzoefu.

Na kwa kuwa kwetu mtoto hasifiwi mbele ya wageni, isipokuwa siku anapokabidhiwa kwa Mungu, ambaye hana haja ya kupiga simu, Mzee Kibwana ameomba udhamini wake usomwe upya, na yafuatayo ni maneno yake. Hosiana Kobelo anaijua kazi, aliijua tangu juma la kwanza, na sikuwahi kuwa na afisa kama yeye. Kikombe hakikupotea, nilikificha mwenyewe kwenye droo yangu, nione kama binti mgeni atathubutu kumwandika mkuu wake, naye aliniandika.