Kuvu Katika Damu ya Mama Thérèse

Apa kwanza hii haitatoka kinywani mwako. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa mbele ya Kaswera, na unaona mwenyewe. Kaswera anauza kahawa mtaani Mabanga, Goma, kwenye mawe ya volkano wanapokaa wale wanaume wa kila asubuhi. Jirani yake, mama Thérèse, ana kansa. Dawa ya kansa, ile chimio, inapita katika mrija kifuani. Mwezi uliopita kuvu iliingia katika damu, akaponea chupuchupu. Munganga wa hospitali akasema: ikirudi, chimio itasimama. Jana homa ilirudi, na sasa watu wanaangalia vikombe vya Kaswera, anamokunywa Thérèse kila asubuhi, kwa jicho baya.

— Ni hivi vikombe, alisema Bashige, anayeitwa Ministre, yaani waziri, kwa sababu hana kazi.

— Wewe unakunywamo kila siku. Mbona hauna kuvu? aliuliza Kaswera.

— Damu yangu iko na nguvu.

— Muache mama wa watu, alisema muzee Florent. Ni volkano. Moshi unabeba kuvu, inazunguka Goma muzima ikitafuta mutu wa kansa.

— Na inajua avenue yake, nyumba yake? aliuliza Ministre.

— Inauliza!

Wakacheka. Kaswera naye alicheka, lakini roho ilimuuma: ikiwa kweli ni vikombe vyake? Kambale, ndugu ya Thérèse, alikuwa amewapa mgongo, anamutayarishia dada yake kahawa kama kawaida.

Hapo Héritière, binti ya Thérèse, akafika mbio kutoka kwa munganga.

— Papa zangu, vipimo vinaonyesha antibiotic katika mwili wa mama, na munganga anauliza: nani anamupatia?

— Antibiotic? Si ni dawa nzuri? alisema Ministre.

— Zikizidi, zinaua vijidudu vizuri vya mwili, kuvu inapata nafasi. Na chimio imemaliza askari wa damu, mrija nao ni mulango. Mama anasema hajameza hata moja. Basi nani?

Muzee Florent akaweka kikombe chake chini.

Kaswera akageuka kuchukua thermos. Kambale alikuwa ameganda juu ya kikombe, kidonge cha rangi mbili kimefunguliwa kati ya kucha zake, unga ukimwagika katika kahawa.

— Kaka Kambale! Kaswera akapiga kelele.

Wote wakasimama.

— Ni kwa kumukinga, alisema. Anakataa kumeza. Tangu chimio ya kwanza, kila asubuhi... ni kwa kumukinga, munisikie!

— Muyomba, lete kikombe, alisema Héritière.

Hakukitoa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa unga, na wote walikuwa wanaviangalia.